Kompyuta Kuukuu na Mlango Uliofungwa 1974

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Lakini jaribu kuandika riwaya kwenye kompyuta ya kale, utaitafuta hiyo dhahabu usiione. Mimi ni kijana wa Sumbawanga. Nilimaliza kidato cha nne, mchana ninalima mahindi na baba, usiku ninaandika. Kompyuta yangu ni ya mezani, aliniachia baba mdogo alipofunga kibanda chake cha kuchapa barua na kutoa kopi pale Mazwi. Ina prosesa ya Pentium 4 na memori ya MB 512. Ukiiwasha unaweza kwenda kuteka maji, ukarudi ukaikuta bado inajifikiria.

Mwaka huu ilizidi. Nikifungua mswada wangu wa kurasa 180, inaganda. Usiku mmoja ikazima yenyewe, sura nzima ikaenda na maji. Baba akasema, "Tupa hilo sanduku, mwanangu. Andika kwa mkono kama watu." Sikumjibu baba. Ila nikajiuliza, hivi ni nani wa kwanza nchini kwetu kuikasirikia kompyuta hadi akaona bora aachane nayo? Nilipochimba, kumbe ni Serikali yenyewe!

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Iliitwa ICT 1500, iliuzwa na kampuni ya Uingereza, ingawa kwa asili ilikuwa mashine ya RCA ya Marekani iliyobatizwa jina jingine. Kumbukumbu kuu ya mashine za aina ile haikuzidi herufi 40,000. Hizo ni kama kurasa 20 tu za riwaya yangu, basi. Mwaka huohuo huko Marekani, Gordon Moore aliandika kwamba idadi ya vijenzi kwenye chipu moja inaongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akajisahihisha, akasema kila miaka miwili. Yaani kompyuta inazaliwa leo, na uzee wake umeshaanza kuhesabiwa.

Baadaye zikaja mashine kubwa zaidi, za jamii ya ICL 1900. Kufika 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Lakini mahesabu ya Serikali yaliyotiwa ndani yake yakavurugika. Waliobuni mfumo ule na kuuendesha walikuwa wageni. Wenyeji waliojua undani wake walikuwa wachache mno, na mambo yalipoharibika hapakuwa na wa kuyanyoosha. Fedha nyingi zikapotea, Wizara ikarudi kwenye njia zake za zamani. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, labda kwa kibali maalumu.

Sasa tazama historia inavyocheza na watu. Mwaka huohuo wa 1974 kampuni ya Intel ilitoa prosesa yake ya 8080. Mwaka uliofuata prosesa hiyo ikawekwa kwenye Altair 8800, kompyuta iliyouzwa vipandevipande ili mnunuzi aiunge mwenyewe nyumbani. Sisi tunafunga mlango, wenzetu wanafungua makasha mezani! Masharti yetu yalikuja kulegezwa polepole kuanzia miaka ya 1980.

Siwalaumu wazee wetu. Miaka ile kulikuwa na ukame, bei ya mafuta ilikuwa imeruka, na fedha za kigeni zilikuwa za kuhesabu. Mwenye njaa hanunui mashine inayomdanganya hesabu. Ila ninavyoona mimi, ugonjwa haukuwa kwenye mashine peke yake. Ugonjwa ulikuwa kwamba tulikuwa na mashine bila ya watu wetu wa kuifungua.

Basi nikaamua kuifungua ya kwangu. Niliuza gunia moja la mahindi na kwenda kwa fundi mmoja hapa mjini anayeweka spea za kompyuta zilizokufa. Akaniambia, "Mdogo wangu, kwanza jua mazabodi yako inakubali nini." Maneno hayo ni nusu ya elimu yote. Mimi sikusikia. Nikaagiza memori kutoka Mbeya, ikaja na basi, na ilipofika haikuingia. Ilikuwa DDR ya pini 184, na yangu inataka DDR2 ya pini 240. Urefu ni uleule, lakini pengo la katikati limekaa mahali pengine. Hela ya debe zima la mahindi ikaenda hivihivi.

Mara ya pili nilimsikiliza fundi. Tukapata memori za GB 2 na prosesa ya Core 2 Duo, toleo la mwaka 2006. Nilishangaa. Prosesa yangu ya zamani ilikwenda gigahezi 3, hii mpya 1.86. Si nimerudi nyuma? Fundi akacheka. Hii ina viini viwili, na kila kiini kinafanya kazi nyingi zaidi kwa kila pigo. Tena ile ya zamani iliandikiwa wati 84 na hii 65, na kwa mtu anayenunua umeme wa luku hilo si dogo. Tukasasisha kwanza programu ya mazabodi ili iitambue. Prosesa tukaishika kwa kingo, maana pini ziko kwenye soketi ya mazabodi na ukipinda moja umekwisha. Juu yake tukapaka dawa nyeupe ya kupitisha joto, tukarudisha feni. Ikawaka. Mswada ukafunguka kabla sijakaa vizuri kitini.

Nikakumbuka habari za mababu zetu Wafipa. Walifua chuma kwa matanuri marefu, malungu, yanayovuta upepo yenyewe bila mivukuto. Magofu yake bado yapo hapa uwandani. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na takataka. Hawakukitupa. Walikirudisha motoni katika tanuri dogo, kintengwe, kwa mivukuto, ndipo kikafaa kufuliwa jembe. Kazi yote hiyo waliijua wenyewe, mwanzo mpaka mwisho.

Vijana wenzangu, jina la mji wetu, wazee wanatueleza, maana yake ni tupa uchawi. Kwa muda mrefu nami niliiona kompyuta kama uchawi wa watu wengine. Siku nilipofungua misumari minne nikakuta ndani vumbi, feni na vipande vyenye namba. Sura iliyopotea nimeiandika upya, na baba ameisoma. Amesema mhusika wangu mkuu ni mvivu, lakini kuhusu sanduku hajasema tena nilitupe.