Jina Moja, Majeraha Mawili

Mwaka 1814 Abraham Colles, mpasuaji wa Dublin, aliandika katika jarida la utabibu la Edinburgh habari ya jeraha lililojulikana na wote: mtu huanguka, hujikinga kwa kiganja, na kifundo cha mkono hupinda. Matabibu wengi wa zama hizo walihukumu kuwa kifundo kimeteguka. Colles aliikana hukumu hiyo. Kilichovunjika, alisema, ni mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba.

Ushahidi wake ulikuwa mwepesi. Tabibu aushike mkono na kuuvuta kwa kiasi; umbo lake hurejea. Akiuachilia, upotofu hurudi papo hapo. Kiungo kilichoteguka, kikiisha kurudishwa mahali pake, hakifanyi hivyo. Colles hakuwa amepata maiti ya kuchunguza jeraha hilo, na picha za mionzi hazikuwako hata Wilhelm Röntgen alipoigundua mionzi hiyo mwaka 1895. Vidole vilitangulia macho kwa miaka 81.

Mtulinga hauna fumbo la namna hiyo, kwa kuwa umefunikwa na ngozi tu. Hati ya Misri iitwayo Edwin Smith, iliyonakiliwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, yaagiza mgonjwa alazwe chali, kitu kilichokunjwa kiwekwe kati ya makombe ya mabega, na mabega yapanuliwe hata mfupa ukae sawa. Swali gumu lilikuja baadaye: je, upasuliwe?

Mwaka 1960 Charles Neer wa Marekani alitoa hesabu ya wagonjwa 2,235 waliotibiwa bila kisu. Mifupa 3 tu haikuunga. Wapasuaji wakatulia kwa miaka mingi. Mwaka 2007 wapasuaji wa Kanada waliwapima watu wazima ambao ncha za mfupa wao zilikuwa zimeachana kabisa. Kati ya 49 waliotundikwa mkono kwa kitambaa, 7 hawakuunga. Kati ya 62 waliotiwa bamba la chuma, 2 tu, ingawa baadhi yao bamba lenyewe liliwasumbua.

Hesabu ya Neer haikuwa ya uongo. Ilikusanya chini ya jina moja mivunjiko isiyolingana, kama vile neno “kuteguka” lilivyokuwa limeficha mfupa uliovunjika. Colles aliponya mikono mingi kwa kutenganisha mambo mawili ambayo waliomtangulia waliyaita kwa jina moja.