Mavazi ya usiku wa gala melini: Suti, gauni au kanzu?

ABIRIA aliyelipa nauli ya juma zima katika meli ya kitalii hudhani kuwa amekwisha kununua haki ya kula popote humo ndani. Hilo ni kweli hadi saa kumi na mbili jioni. Baada ya hapo, katika meli ambazo bado zinadumisha desturi za kale, mlango wa ukumbi mkuu wa maankuli una sharti lake, na sharti lenyewe ni nguo.

Kampuni inayofahamika zaidi kwa jambo hili ni Cunard ya Uingereza, yenye meli nne: Queen Mary 2 iliyoanza safari mwaka wa 2004, Queen Victoria ya 2007, Queen Elizabeth ya 2010 na Queen Anne iliyojiunga nazo mwaka wa 2024. Katika safari ya siku saba kati ya Southampton na New York, aghalabu usiku wa gala huwa mara mbili. Wanaume hutakiwa kuvaa suti nyeusi ya jioni, ambayo Wamarekani huiita tuksedo, pamoja na tai ya kipepeo. Asiyekuwa nayo hukubaliwa akivaa suti ya kawaida ya rangi nzito na tai. Wanawake huvaa gauni la jioni, na hakuna anayepima urefu wake. Hata suruali ya kitambaa cha fahari hupita. Usiku mwingine huwa na mada maalumu, kama vile nyeusi na nyeupe, au vinyago vya kufunika macho.

Sharti hilo, hata hivyo, halimlazimishi mtu kujigeuza Mzungu. Kanuni za Cunard zinataja wazi kuwa vazi rasmi la kitaifa linakubalika, sawa na sare ya kijeshi. Mskoti huingia na sketi yake ya mistari bila kuulizwa. Kwa msingi huo, mzee wa Lamu aliyevaa kanzu iliyodariziwa, joho na kofia ya viua ana haki ile ile ya kuketi. Kinachotazamwa ni urasmi wa vazi katika mila ya mwenyewe. Kanzu ya kushindia nyumbani haimfai, kama vile shati la mikono mifupi lisivyomfaa Mwingereza.

Je, asiyetaka kuvaa hivyo hufanywa nini? Hafukuzwi melini wala hatozwi faini. Katika Queen Mary 2 huelekezwa Kings Court, mkahawa ambako kila mtu hujipakulia, au baa ya Golden Lion. Chakula kipo tele. Lakini ukumbi wa Britannia, ambako ana meza yake, na ukumbi wa dansi wa Queens Room humpita usiku huo. Hapo ndipo manung'uniko huanzia, kwani nauli haipunguzwi. Wanaotetea sharti hilo nao wana hoja nzito: wamechagua meli hiyo, na kubeba masanduku yao, kwa sababu ya usiku huo hasa. Kaptura moja katikati ya ukumbi huwaharibia walichokilipia. Maadamu kanuni hutangazwa kabla ya safari, ni vigumu kumhurumia sana anayeshtuka mlangoni.

Desturi yenyewe haikuzaliwa baharini. Matajiri wa Uingereza wa karne ya 19 walikuwa na mazoea ya kubadilisha nguo kabla ya mlo wa jioni majumbani mwao, na walipopanda meli walisafiri na mazoea hayo. Koti fupi la jioni lisilo na mkia lina historia yake. Kwa mujibu wa kumbukumbu za washonaji wa Henry Poole wa London, walimshonea koti la namna hiyo mwanamfalme wa Wales, aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba, mwaka wa 1865. Jina la Kimarekani lilitokana na Tuxedo Park, klabu ya matajiri iliyofunguliwa mwaka wa 1886 katika jimbo la New York.

Vazi hilo lilikuwa pia alama ya tabaka. Katika Titanic ya mwaka wa 1912, abiria wa daraja la kwanza ndio waliokuwa wakipambika kwa chakula cha jioni. Wale wa daraja la tatu hawakutarajiwa kufanya hivyo. Meli ilipokuwa ikizama, tajiri wa Marekani Benjamin Guggenheim na mtumishi wake walivua makoti ya kujiokolea na kuvaa nguo zao za jioni. Mhudumu mmoja aliyenusurika alisimulia kwamba Guggenheim alitaka kufa kama muungwana. Hapana kisa kinachoonyesha kwa ukali zaidi jinsi nguo hizo zilivyoshikamana na heshima katika fikira za watu wa zama hizo.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilizifahamu meli za mtindo huo. Kampuni ya British India ilikuwa na meli mbili, Kenya ya mwaka wa 1951 na Uganda ya mwaka wa 1952, zilizokuwa zikisafiri kutoka London hadi Mombasa kupitia Mfereji wa Suez, zikiwa na daraja la kwanza na daraja la watalii. Huduma hiyo ilikoma katika nusu ya pili ya miaka ya 1960.

Kilichoiua kilikuwa kile kile kilichoziua safari za Atlantiki, yaani ndege. Mnamo Oktoba 1958, shirika la BOAC lilianza kuwavusha abiria kati ya London na New York kwa ndege za jeti, na yapata wiki tatu baadaye Pan Am ikafuata kwa jeti zake. Meli zilizosalia ziligeuzwa kuwa mahali pa likizo, na mtu wa likizo hapendi kuamrishwa. Mwaka wa 2000, Norwegian Cruise Line ilianzisha mtindo wa kila mtu kula anapotaka na kuvaa apendavyo kwa kiasi, bila usiku rasmi wa lazima. Carnival ililegeza agizo lake na kutaka tu mavazi ya kupendeza. Celebrity ilifuta usiku rasmi mwaka wa 2015 na kuweka mahali pake jina lisilomfunga mtu. Viking haina usiku wa namna hiyo kabisa.

Ndege hizo hizo zina lawama nyingine. Watalii wengi sasa huruka hadi bandari ya kuanzia safari, na mashirika ya ndege hutoza kila kilo ya ziada. Suti, viatu vyeusi na gauni la hariri kwa ajili ya usiku mmoja au miwili ni mzigo wa gharama. Anayepanda Queen Mary 2 akitokea mjini Southampton kwenyewe hana shida hiyo, na labda ndiyo sababu gala imedumu huko kuliko kwingineko.

Usiku wa gala kwa kawaida hupangwa siku ambayo meli haitii nanga popote, ili abiria wapate muda wa kujitayarisha. Pasi haziruhusiwi vyumbani katika meli nyingi kwa kuhofia moto. Huna budi kuuliza kama kuna chumba cha kufulia chenye pasi, ama kulipia huduma hiyo. Wapiga picha wa meli husimama kwenye ngazi jioni hiyo wakiwa na mapazia yao ya nyuma, na picha huuzwa ghali. Kampuni, bila shaka, haipati hasara abiria wake wanapopendeza.

Usiku wa kwanza huwa hauna agizo rasmi, kwa kuwa masanduku huenda hayajafika vyumbani. Wa mwisho vilevile, kwani mizigo hutakiwa kuwekwa nje ya mlango kabla ya kulala ili ishushwe alfajiri. Abiria mwangalifu hubakisha chumbani nguo za kuteremkia. Wasio waangalifu wamewahi kukumbuka jambo hilo asubuhi, suruali zao zikiwa tayari zimeshuka bandarini.