Ajali, Dia na Mgawanyo wa Kosa Katika Njia ya Ujiji

Neno ajali twalipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni muda uliowekwa, hasa muda wa kufa. Kiswahili kililipokea hivyo, kisha kikalitanua likawa jina la kila tukio baya lisilokusudiwa. Mpanda baisikeli asiye na taa akigongwa na lori usiku baina ya Kigoma na Ujiji, watu husema ni ajali, na kwa neno hilo wamekwisha kumwachilia dereva nusu. Sheria haiwezi kuishia hapo. Yauliza kosa ni la nani, na kama ni la wawili, kila mmoja abebe kiasi gani.

Swali hili si geni Ujiji, mji wa Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, imo hukumu ya watu wawili waliogongana bila kukusudia wakafa wote: jamaa za kila mmoja hulipa nusu ya dia ya mwenziwe. Nusu nyingine huanguka, kwa kuwa marehemu alikufa kwa tendo lake pamoja na la mwenziwe. Wahanafi hawakubali, kwao dia hulipwa nzima. Kweli, nusu ya Shafii haipimi nani aliyezembea zaidi, bali wazo la kupunguza haki ya mtu kwa ajili ya tendo lake mwenyewe limo.

Sheria ya Waingereza ilikuwa kali kuliko hiyo. Katika shauri la Butterfield na Forrester, mwaka 1809, mtu aliyekimbiza farasi jioni akaangushwa na mti uliolazwa njiani hakupata kitu, kwa kuwa naye hakuangalia. Baadaye mahakimu walilegeza kidogo: mwaka 1842 mwenye punda aliyefungwa miguu na kuachwa barabarani alishinda, maana mwenye gari angeweza kumwepa. Hata hivyo ilikuwa ni yote au hakuna.

Sheria hiyo ndiyo iliyopokewa Tanganyika, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Siku hiyo Ujiji ilikuwa bado mikononi mwa Wabelgiji, walioitoa mwaka 1921! Uingereza ilipokubali mwaka 1945 kugawa fidia kwa kadiri ya kosa, badiliko hilo halikuvuka bahari lenyewe, kwa kuwa lilikuja baada ya tarehe ile. Tanganyika ilitunga sheria yake mwaka 1955.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama Tanzania, na hapo ndipo penye shida. Dhamana, ambalo katika fikihi ni wajibu wa kulipa hasara, mahakamani limekuwa jambo la mshitakiwa kuachiwa kwa muda. Wengine husema uzembe wa kuchangia. Mimi silipendi, kuchangia kwetu ni kutoa fedha, kwa harusi au kwa msiba. Tuseme hasara ni shilingi 1,000,000 na mpanda baisikeli yule aambiwe amechangia asilimia 30. Stahili yake ni kulipwa 700,000, lakini yamkini atatoka mahakamani akidhani ameamriwa alipe 300,000. Afadhali hakimu aseme: kosa lako ni sehemu 3 katika 10, na kwa hiyo fidia yako imepunguzwa kwa kadiri hiyo.