Nyika, Heide na Baadiye

Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuja na neno lenye nyuso mbili. Kwa Kijerumani, Heide ni uwanda usiolimwa, wa vichaka vifupi. Badilisha jinsia yake ya kisarufi tu, Heide huyohuyo ni kafiri. Waingereza wana heath, Waholanzi heide, Waswidi hed. Wengi husema kafiri aliitwa mtu wa vichakani kwa sababu Ukristo ulianzia mijini. Hata hivyo, katika karne ya 4, Biblia ya Kigothi ya Askofu Wulfila ilimwita hivyo mwanamke Mgiriki wa pande za Tiro, mji wa pwani wenye bandari! Vichaka vilishasahaulika; tusi ndilo lililobaki.

Krapf alikuta Waswahili nao wana lao. Bara kavu nyuma ya Mombasa ni nyika, na wakazi wake, wakiwemo watu wa Rabai aliokwenda kukaa nao mwaka 1846, waliitwa Wanyika. Hawakulipenda. Miaka ya 1940 wakajiita Mijikenda, miji tisa. Jibu kali hilo: mtu akikuita wa porini, mtajie miji yako.

Mzizi wenyewe hauna kosa. Kwa Kishona, nyika ni nchi, ni taifa.

Sasa vuka Tana uingie Garissa. Ukifuata kamusi, mchanga ule, migunga ile na miti ya utomvu ni nyika tupu. Mfugaji wa Kisomali huiita miyi, au baadiye, neno la Kiarabu lililo ndugu wa bedui. Mjini, mtu wa reer miyi huweza kutaniwa kwa ushamba wake, sikatai. Lakini baadiye ndiko ngamia waliko, na ndiko Kisomali safi kinakosifiwa kutoka. Sijui Mwingereza anayekwenda kwenye heath kujifunza lugha yake.

Wakoloni waliifunga Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, Garissa ikiwemo. Hukuweza kuingia bila kibali. Miongo mingi baada ya uhuru, abiria wa basi la Nairobi bado husikika Garissa akiaga, “Naenda Kenya.” Kwa kauli hiyo, ng'ambo ni kule anakokwenda.