Arusha na Daraja Mbili za Jumuiya

Mwalimu wa sarufi akipita Daraja Mbili huenda akatamani kulisahihisha jina. Daraja likizidi moja huwa madaraja, atasema, na yakiwa mawili ni madaraja mawili. Wenyeji hawana muda naye. Konda wa hiace anaita "Daraja Mbili! Daraja Mbili!", abiria wanapanda, gari linaondoka. Hata kwenye karatasi za jiji kata hii ya Arusha huandikwa hivyo hivyo, na mara nyingine kwa namba za Kirumi: Daraja II.

Ndicho Kiswahili cha mji uliojengwa na wageni. Mwarusha na Mmeru wameshuka kutoka miteremko ya Meru. Mchaga, Mpare, Mrangi, Mwiraqw na Msomali wamekuja kila mmoja na njia yake. Kata jirani na Daraja Mbili nazo zinasimulia hivyo hivyo kwa majina yake. Ngarenaro ni Kimaasai, engare narok, maji meusi. Unga Limited ni jina la kinu cha nafaka, na kampuni iliyobeba jina hilo ilianzishwa Kenya mwaka 1908 na mlowezi Lord Delamere. Mtu mwenye miguu mizima anaweza kutoka Kimaasai, akapitia Kiswahili cha mtaani, akaishia kwenye kampuni ya Wazungu wa Kenya, na bado akarudi nyumbani chakula cha mchana hakijapoa.

Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hayako huku. Yako upande wa pili wa mji, kwenye bustani zilizofyekwa vizuri na bendera zilizopangwa mstari. Historia ya Jumuiya husimuliwa kutokea kule: nani alisaini, nani alisusa, mkutano wa ngapi. Ukiisimulia kutokea huku uswahilini, unaona kwamba Arusha imevushwa na Jumuiya mara mbili, kwa daraja mbili tofauti. La kwanza lilikatika.

Daraja hilo la kwanza hatukulijenga sisi. Wajerumani walipomaliza kuwapiga Waarusha na Wameru walijenga boma hapa mwaka 1900, lile ambalo leo ni makumbusho. Waingereza waliowafuata walizitazama Kenya, Uganda na Tanganyika kama shamba moja lenye vitalu vitatu. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha mwaka 1917, Tanganyika ikaingizwa mwaka 1927. Bodi ya sarafu iliundwa mwaka 1919, na baadaye shilingi moja ikatumika kote. Reli kutoka Moshi ilifika Arusha mwaka 1929. Mwaka 1948 ikaundwa Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki, makao Nairobi, na mwaka 1961 ikageuzwa kuwa shirika la huduma za pamoja. Uhuru ulipokuja tulikuta tayari tuna treni moja, posta moja na ndege za shirika moja. Tulirithi nyumba kabla ya kujifunza kuishi pamoja.

Mwaka 1967 ulikuwa mkubwa kwa Arusha. Mwezi Januari viongozi wa TANU walikutana katika ukumbi wa jamii pale Kaloleni, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Miezi minne baadaye, tarehe 6 Juni, Jomo Kenyatta, Julius Nyerere na Milton Obote walitia saini mkataba wa ushirikiano mjini Kampala. Kazi zikagawanywa ili kila nchi ione kitu mlangoni kwake: reli na ndege zibaki Nairobi, bandari ziende Dar es Salaam, posta na simu pamoja na benki ya maendeleo ziende Kampala. Makao makuu ya Jumuiya yenyewe yakaletwa Arusha, mji wa watu wapatao 32,000, na tarehe 1 Desemba mkataba ukaanza kazi.

Watumishi wakahamia na familia zao. Likajengwa jengo kubwa lenye sehemu tatu, Kilimanjaro, Ngorongoro na Serengeti, ambalo hadi leo wenyeji wanaliita kwa herufi zake za baadaye, AICC. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ukafunguliwa mwaka 1971, nusu njia kati ya Arusha na Moshi.

Lakini ukitaka kuona ufa ulianzia wapi, tazama matairi. Mwaka 1964 nchi tatu zilikubaliana kugawana viwanda, kila moja ipewe vyake ili zisishindane kwa bidhaa ile ile sokoni. Makubaliano hayo hayakushika. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na kiwanda cha matairi Nairobi, cha Firestone, na kingine Arusha, cha General Tyre. Soko moja, viwanda viwili, kila kimoja kikihitaji wateja wa mwenzake ili kipumue. Kenya ilikuwa imetangulia kwa viwanda na iliuza zaidi ya ilivyonunua. Tanzania na Uganda ziliona zimegeuzwa wateja. Tena tangu Azimio, njia za uchumi zilikuwa zimeachana: huku mabenki na vinu vya unga vimetaifishwa, kule mtaji wa watu binafsi unakaribishwa.

Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote kule Uganda, na Nyerere akakataa kukaa naye meza moja. Mkataba ulikuwa umewapa marais watatu kauli ya mwisho. Kwa hiyo mmoja aliposusa, Jumuiya nzima ilibaki kama familia ambayo wazee hawasalimiani huku watoto wakiendelea kula chungu kimoja. Iliendeshwa na mawaziri na makarani kwa miaka sita. Mapema mwaka 1977 shirika la ndege lilivunjika, Kenya ikaanzisha lake, Tanzania nayo ikaanzisha lake mwezi Machi. Februari Tanzania ilifunga mpaka na Kenya. Tarehe 30 Juni mwaka wa fedha ulikwisha na hapakuwa na bajeti ya kuanzia Julai. Jumuiya ilikufa kama duka linavyokufa: hakuna aliyetangaza, ila asubuhi mlango haukufunguliwa.

Turudi kidogo mwaka 1967, tuwatazame wenzetu wa Asia. Miezi miwili baada ya sherehe za Kampala, tarehe 8 Agosti, mawaziri wa Indonesia, Malaysia, Ufilipino, Singapore na Thailand walikutana Bangkok na kuanzisha umoja wao, ASEAN. Ungekuwa mtu wa kubashiri siku hiyo, ungeweka fedha zako Arusha. Indonesia na Malaysia zilikuwa ndiyo kwanza zimetoka kwenye mapigano ya mpakani. Singapore ilikuwa na miaka miwili tu tangu itolewe Malaysia. Hawakuwa na reli moja wala shilingi moja; walikuwa na tamko fupi na ahadi ya kukutana tena.

Wakakutana tena, na tena. Iliwachukua karibu miaka tisa marais na mawaziri wakuu wao kufanya mkutano wa kwanza, Bali, Februari 1976, na ndipo sekretarieti ikaundwa Jakarta. Yaani wenzetu walifungua ofisi wakati sisi tunajiandaa kufunga yetu. Mtikisiko wa fedha ulipoikumba Asia mwaka 1997, tayari palikuwa na meza ya kukalia, na China, Japani na Korea Kusini zikavuta viti. Mwaka 2000 wakakubaliana mjini Chiang Mai namna ya kukopeshana fedha za kigeni wakati wa shida, na mwaka 2005 ukafanyika Mkutano wa kwanza wa Asia Mashariki, Kuala Lumpur. Umoja wa ASEAN una udhaifu wake. Kanuni ya kutoingilia mambo ya jirani imeufanya ubabaike mbele ya jeshi la Myanmar tangu mapinduzi ya mwaka 2021. Ila somo la 1967 liko wazi: wao walianza na mazoea bila mali, sisi tulianza na mali bila mazoea. Mali ikaleta ugomvi wa urithi, na hatukuwa tumejizoeza kugombana bila kuachana.

Mirathi ilifuata kweli. Jengo la Arusha liligeuzwa mwaka 1978 kuwa kituo cha mikutano cha kimataifa, ndiyo hiyo AICC. Mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, alipewa kazi ya kuhesabu: mabehewa, meli, majengo, madeni. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, na tarehe 14 Mei 1984 mgawanyo ulisainiwa hapa hapa Arusha: Kenya asilimia 42, Tanzania asilimia 32, Uganda asilimia 26. Kiliongezwa kipengele kidogo kwamba nchi hizo zitatafuta namna ya kushirikiana tena baadaye.

Katika orodha ile ya mali Kiswahili hakikuwamo. Hapakuwa na asilimia 42 ya methali wala asilimia 26 ya matusi ya kituo cha basi. Haukuwamo pia undugu wa Wamaasai, ambao mpaka wa wakoloni uliwapasua katikati, na ambao kwa miaka sita ile ya geti kufungwa waliendelea kuoana na kutafuta malisho pande zote mbili. Haikuwamo biashara ya njia za panya. Wataalamu walihesabu kilichoandikwa kwenye vitabu vya Jumuiya, na ambacho hakikuandikwa kilinusurika.

Daraja la pili lilijengwa polepole zaidi. Tarehe 30 Novemba 1993 iliundwa tume ya kudumu ya nchi tatu. Machi 1996 sekretarieti yake ikaanza kazi Arusha, Francis Muthaura wa Kenya akiwa katibu wa kwanza. Tarehe 30 Novemba 1999 mkataba mpya ukasainiwa mjini hapa, ukaanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, Somalia mwaka 2024. Makao makuu mapya, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani, yalifunguliwa Novemba 2012. Wajukuu wa waliojenga boma wamerudi kujenga ofisi.

Safari hii viongozi hawakuanza kwa kuchanganya treni na ndege. Walianza na forodha mwaka 2005, kisha soko la pamoja mwaka 2010. Tena waliweka kitu ambacho daraja la kwanza halikuwa nacho: mahakama ambayo mwananchi anaweza kuiendea mwenyewe kuilalamikia serikali. Watu wa Meru wanaijua kiu ya mahakama kama hiyo kuliko wengi. Mwaka 1951 Wameru walifukuzwa Engare Nanyuki kupisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alilazimika kwenda hadi New York kuusimulia Umoja wa Mataifa. Leo safari ya namna hiyo inaweza kuishia Arusha. Mwaka 2014 mahakama hiyo iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti, na aliyeshitaki alikuwa shirika la kutetea wanyama kutoka Kenya.

Daraja hili nalo linatikisika. Oktoba 2017 vifaranga 6,400 waliotoka Kenya waliteketezwa na Tanzania mpakani Namanga. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania kwa madai ya sumukuvu, malori yakapanga foleni kwenye mpaka ule ule ambako mwaka 2018 kilizinduliwa kituo cha pamoja cha kuvukia. Michango ya wanachama huchelewa. Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, Kongo na Rwanda, wanachama wote wawili, zilikuwa zinatuhumiana waziwazi. Tofauti na miaka ya Amin ni kwamba mwezi uliofuata wakuu wa nchi walikutana Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa kusini mwa Afrika, kulijadili suala hilo. Hawakulimaliza. Lakini kukutana mkiwa mmenuniana ndiyo mazoea yenyewe, yale ambayo Bangkok ilianza nayo na Kampala haikuwa nayo.

Kiswahili ndicho kilichochelewa kuliko vyote kupewa kiti. Mkataba wa 1999 ulikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, Kiswahili kikaambiwa kiendelezwe kama lugha ya mawasiliano ya watu. Ilikuwa Februari 2021 wakuu wa nchi walipokubali kiwe lugha rasmi, sambamba na Kifaransa. Ofisi za upande wa pili wa mji zilihitaji miongo miwili na ushee kufika mahali ambapo konda wa Daraja Mbili alikuwa tangu zamani.

Kiwanda cha General Tyre kilifungwa miaka mingi iliyopita. Katika mitaa ya Arusha, hata hivyo, fundi wa viatu bado anakata matairi kwa kisu kikali, anapima unyayo kwa macho, anagongelea mikanda kwa misumari mifupi. Lile tairi liliviringika wapi, Nairobi au Dodoma, hajui na hajali. Maandishi ya kiwandani yalishalika kitambo. Hapa kiatu hicho kinaitwa katambuga. Anapokuja mteja kutoka ng'ambo ya Namanga akaulizia akala, fundi hamsahihishi. Anaangusha jozi mbili miguuni pake ajaribu, kisha wanaanza kupatana bei.