Moto Juu, Moto Chini: Historia Fupi ya Vitamutamu Vyetu na Majiko Yaliyovipika



Katika kitabu hiki cha kutimiza miaka kumi, wenzetu wameshaeleza habari za hisa, mikopo na kasha la fedha. Sisi tumepewa kazi ya kueleza fedha hizo zilitoka wapi. Na ukweli ni kwamba kwa wengi wetu zilitoka jikoni. Zilitoka kwenye maandazi ya asubuhi, kashata za skuli, na kaimati za futari. Tena tumeombwa tusikwepe habari ya kikaango cha hewa, hii eafraya, maana ndiyo iliyozusha mjadala mrefu kuliko yote katika vikao vyetu. Hatutaikwepa. Lakini ili ieleweke, hatuna budi kuanza mbali kidogo.

Mabibi zetu na moto wa juu

Kila kitamutamu hapa Unguja kina moto wake. Kaimati, visheti na mahamri hutaka karai la mafuta. Vitumbua hutaka chuma chake chenye vishimo. Halua hutaka sufuria kubwa, mikono yenye nguvu na saa nzima nzima za kukoroga bila kupumzika. Kashata hutaka sukari iyayuke na mtu asiyepepesa macho, maana ukigeuka kumjibu jirani imeshaungua.

Mkate wa kumimina una hadithi yake peke yake. Mchele uliorowekwa husagwa na tui, ukatiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke. Baadaye unga huo humiminwa kwenye sufuria iliyopashwa moto juu ya seredani. Ukishaanza kushika chini, bibi hufunika mfuniko wa bati, akachota makaa akayapanga juu yake. Moto juu, moto chini. Oveni hakuna, umeme hakuna, na mkate unatoka umeiva vizuri na rangi ya dhahabu juu. Keki za harusi nazo zilipikwa hivyo hivyo. Asiyejua kupima makaa alitoa mkate uliobabuka juu na mbichi ndani, na mtaa mzima ukajua.

Tunaomba msomaji aushike moto huu wa juu kichwani, tutaurudia.

Miaka ya mgao

Nazi ilikuwa ya uani, iliki na mdalasini vya visiwani humu humu. Lakini unga wa ngano ulikuja kwa meli, na ukija kwa meli unaweza pia usije. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele, unga na sukari vilikuwa vya mgao hapa Unguja. Wale wetu waliokuwa wasichana wakati huo wanaikumbuka foleni kuliko wanavyoyakumbuka masomo. Sukari ya mgao haitoshi chai, seuze shira ya kaimati!

Je, watu waliacha kula vitamu? Hata. Ndizi mbivu zilipikwa kwa tui, utamu wao ukatosha bila ya sukari. Muhogo na viazi vitamu vilipikwa kwa nazi na iliki. Kashata ya karanga ilikatwa vipande vidogo zaidi, basi. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, unga na sukari vikarudi madukani, na karai likarudi barazani. Lakini mama zetu walikwishajifunza jambo ambalo sisi tulikuja kulijua kwa uchungu: anayetegemea kitu kimoja tu, kikikosekana na yeye hukosekana.

Umeme ulipozimika

Unguja imekuwa ikipata umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya uliopita chini ya bahari tangu 1980. Waya ukiwa mzima, kisiwa kina nuru. Ukiharibika, ni kiza kisiwa kizima. Mwezi Mei 2008 umeme ulikatika kwa karibu mwezi mmoja. Hatujapumua, Disemba 2009 ukakatika tena, safari hii mpaka Machi 2010. Miezi mitatu, jamani!

Waliokuwa wamenunua oveni za umeme kwa ajili ya keki na biskuti walikaa wanazitazama. Waliokuwa na seredani waliendelea. Bibi mwenye bati na makaa aligeuka fundi wa mtaa, watu wakimpelekea unga awapikie. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulipowekwa mwaka 2013 tulishukuru, na kikundi chetu kilipoanza tayari wengi wetu tulikuwa na friji na blenda. Ila seredani hatukuitupa.

Kutoka kibati mpaka kasha

Kabla ya kikundi tulikuwa na kibati. Kila wiki mnatoa sawa, mmoja anachukua zote. Kibati ni kizuri, kimenunua masufuria mengi. Kasoro yake ni kwamba zamu haijui shida. Mtoto akiumwa leo na zamu yako ni mwezi ujao, utangoja.

Njia ya hisa na mikopo tunayoifuata ilianzia mbali, nchini Niger, mwaka 1991, ambako shirika la CARE lilifanya kazi na wanawake wa vijijini. Hapa Unguja ilifika mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika vijiji vilivyouzunguka msitu wa Jozani. Kasha moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na hesabu inasomwa mbele ya kila mtu. Hakuna siri. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kiwe na mfuniko.

Ramadhani ya 2022

Sasa tunafika penye kovu. Ramadhani ya mwaka 2022 ilianza mwanzoni mwa Aprili. Vita vya Ukraine vilikuwa vimeanza Februari, na mafuta ya alizeti ya huko yakakwama. Halafu tarehe 28 Aprili Indonesia, nchi inayozalisha mawese mengi kuliko nchi zote duniani, ikafunga kusafirisha mafuta hayo nje mpaka tarehe 23 Mei. Sisi hatukuwa tunafuatilia habari za Indonesia. Tulichokiona ni dumu la mafuta linapanda bei kila tukienda dukani.

Kwa muuza kaimati, Ramadhani ndiyo mavuno. Wengi wetu tulikuwa tumeshakopa kutoka kwenye kasha kwa kutegemea mwezi huo. Mteja ukimpandishia bei ananuna. Ukipunguza ukubwa wa kaimati anahesabu. Tukauza sana, na Idd ilipofika tukakuta tumeuza kwa hasara. Mwenzetu mmoja aliingiza mtaji wake wote kwenye mafuta na akabaki na karai tupu na deni. Alikaa vikao viwili haji, kwa aibu. Alitufuata nani? Hakuna. Sisi ndio tuliomfuata, na tunasema wazi kuwa tulichelewa kumfuata.

Eafraya inaingia

Ndipo maneno ya eafraya yakaanza. Kijana wa mmoja wetu alikuja nayo kutoka safari, akasema inakaanga bila mafuta. Bila mafuta! Kwa watu waliotoka kuumwa na nyoka, hata ungongo tulikuwa tunaushtukia, na huyu anatwambia mafuta hayahitajiki tena. Ilikuwa kama tumetumiwa malaika.

Mashine yenyewe si ya zamani. Anayetajwa kuwa mbunifu wake ni Mholanzi Fred van der Weij, na kampuni ya Philips iliionesha kwa watu mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 2010, mwaka ule ule ambao sisi tulikuwa tunatoka kizani. Ila wazo la kupuliza hewa ya moto lina umri. Katika miaka ya 1940 Mmarekani William Maxson alitengeneza oveni ndogo yenye feni kwa ajili ya kupasha chakula ndani ya ndege.

Kikao kiligawanyika. Walio upande mmoja walisema kikundi kimkopeshe yule mwenzetu anunue mashine, atoke kwenye deni. Wengine walisema deni halilipwi kwa deni. Waliotaka walishinda kwa kura. Mkopo ukatoka, mashine ikaja, na yeye akafanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya. Akapika kaimati.

Unga ulichuruzika kwenye matundu ya kikapu. Aliouongezea ngano ukatoka vidonge vigumu, rangi ya vumbi, shira haiingii. Siku nzima ikapotea, na unga na sukari navyo. Marejesho yakachelewa. Wapo waliotaka mashine ichukuliwe iuzwe. Maneno makali yalisemwa siku ile, na baadhi yetu tuliyoyasema tumeshaombana radhi.

Kosa halikuwa lake peke yake. Sote tulilidanganywa na jina. Kitu hiki kinaitwa kikaango, na hakikaangi. Mafuta ya moto hulizunguka donge la unga kila upande kwa mara moja, yakalishika likawa duara. Hewa haishiki kitu. Ndani ya mashine mna koili ya moto juu na feni inayousukuma moto huo chini na pembeni. Bibi mmoja katika kikundi, aliyekuwa kimya muda wote, aliinama akaichungulia, akasema: "Si makaa ya juu haya? Pikieni kama mnapalia mkate."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Tulikaa jumamosi kadhaa tukijaribu, na haya ndiyo yaliyokubali:

Biskuti za nazi. Nazi kavu iliyokunwa vikombe 2, sukari nusu kikombe, ute wa mayai 2, iliki nusu kijiko cha chai. Finyanga vidonge, panga juu ya karatasi ya kuokea, digrii 150 kwa dakika 10 hadi 12. Nazi ikiwa mbichi, ikaushe kwanza kwenye kikaango bila mafuta. Na karatasi usiiweke kabla ya biskuti, feni itainyanyua mpaka kwenye koili na itaungua.

Ndizi mbivu. Mkono wa tembo au mzuzu ulioiva sana, ukatwe mapande, upakwe samli kidogo, unyunyiziwe sukari na iliki. Digrii 180 kwa dakika 10, geuza katikati. Hiki ndicho kitamu cha haraka kuliko vyote, mgeni hajamaliza salamu kimeiva.

Maandazi. Unga vikombe 3, sukari nusu kikombe, hamira vijiko 2 vya chai, iliki, na tui la vuguvugu kikombe 1, ukiongeza kidogo kidogo likihitajika. Kanda, acha liumuke, sukuma, kata, acha tena kidogo. Paka mafuta pande zote mbili kwa brashi, digrii 180 kwa dakika 7 au 8. Hayavimbi kama ya karai, tusidanganyane, yanakaribia mkate mtamu. Lakini wapo wateja, hasa wenye sukari na presha walioshauriwa wapunguze mafuta, wanaoyafuata hayo hayo. Wenye sukari tunawakumbusha kuwa sukari ya ndani ya andazi haipunguzwi na mashine.

Kwa upande wa gharama, mashine ya wati 1,500 ikiwaka dakika 10 haizidi robo ya uniti. Mikupuo minne basi ni uniti moja. Kwa kikapu kinachobeba maandazi manane, hayo ni thelathini na mbili. Karai hutoa idadi hiyo kabla hujamaliza kukuna nazi. Kwa hiyo kwa futari ya mtaa karai halina mpinzani. Kwa oda ndogo, kwa chai ya wageni, kwa vifuko vya biskuti za skuli, mashine inajilipa. Na isichomekwe kwenye waya mwembamba wa kuungia pamoja na pasi na friji, tafadhalini.

Tuliyoyapata

Kikao cha mwisho juu ya jambo hili kiliamua mashine iwe mali ya kikundi. Mwenzetu alipunguziwa sehemu ya deni iliyolingana na thamani yake, iliyobaki akailipa kidogo kidogo, na kwa uwezo wa Mungu ameimaliza. Leo yeye ndiye anayewafundisha wengine biskuti za nazi, na kwenye Ramadhani bado anapika kaimati, kwenye mafuta kama zinavyostahiki. Kanuni mpya imeingia kwenye daftari letu: hakuna mkopo wa chombo kipya mpaka kijaribiwe mbele ya wanachama kwa kitu kile kile kinachotaka kuuzwa.

Sukari imewahi kukosekana, umeme umewahi kukatika, mafuta yamewahi kupanda, na vyote vinaweza kurudi. Kila mara aliyesalimika ni yule aliyekuwa na moto wa pili na watu wa kumfuata mlangoni anapoona aibu kuja. Moto wa pili tunao. Watu wa kufuatana, ndiyo kazi ya kikundi hiki, na ndiyo tunayoiombea kwa Mwenyezi Mungu atujaalie miaka kumi mengine.

Karibuni sherehe. Mkate wa kumimina utapikwa kwa makaa, biskuti za nazi kwa mashine. Mle, mseme wenyewe.