Kakao ya Ghana Ilianzia kwa Mhunzi

Wengi huamini kwamba mazao yote ya biashara barani Afrika yaliletwa na wakoloni, wenyeji wakashurutishwa kuyalima. Kakao ya Ghana inaikanusha hadithi hiyo. Mwaka 1879 mhunzi Tetteh Quarshie alirudi kutoka kisiwa cha Fernando Po na mbegu, akazipanda Mampong, kwenye vilima vya Akuapem. Mbegu ya kakao ikikauka hufa. Sharti ipandwe ingali mbichi, na mche wake ukulie kivulini. Mkulima wa huko mwenye migomba alikuwa na kivuli hicho tayari.

Kuna atakayepinga: wamisionari wa Basel walimtangulia kupanda kakao, na serikali ya kikoloni ilifungua bustani ya mimea ya Aburi mwaka 1890. Ni kweli, lakini juhudi za wamisionari hazikuzaa kilimo kikubwa, na Aburi ilikuta wakulima wamekwisha kuanza. Mtafiti Polly Hill, katika kazi yake iliyochapishwa mwaka 1963, alionyesha jinsi Waakuapem na majirani zao walivyochangishana fedha, wakanunua ardhi katika eneo la Akyem na kusonga magharibi. Kufikia mwaka 1911 Ghana, wakati huo koloni lililoitwa Gold Coast, iliongoza duniani kwa kakao, na sehemu kubwa ilitoka kwa wakulima Waafrika, si kwa walowezi.